Nani Alihamisha Vichupo Vyangu?

Wasee, leo tuongee juu ya kitu unakiona kila siku na pengine hujawahi kukifikiria: ile safu ya vichupo kwa kivinjari chako. Kichupo ni kile kidude unabonyeza ukitaka kutoka YouTube urudi kwa asainmenti uliyoacha tangu Jumatatu. Nani aliamua kikae pale juu? Na mbona ukitaka kukitoa hapo inakuwa kazi?

Mimi nilianza kujiuliza nilipopata laptop ya mitumba yenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Upana uko, urefu hakuna. Ukitoa vichupo, upau wa anwani na upau wa chini wa Windows, unabaki ukisoma makala kama mtu anayechungulia kwa ufa wa mlango. Kwa laptop kama hiyo, mahali vichupo vinakaa si swala la urembo. Ni mistari mingapi ya notsi zako inaonekana kwa wakati mmoja.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya tisini kubadilisha sura ya programu ilikuwa starehe ya vijana. Winamp, ile programu ya kucheza muziki iliyotoka 1997, ilikubali uivalishe ngozi. Ngozi yenyewe ilikuwa picha tu zilizofungwa kwa faili moja la zip, kwa hivyo kijana yeyote mwenye programu ya kuchora angeweza kutengeneza yake. Watu walitengeneza maelfu. Zingine zilikuwa mbaya sana, siwezi danganya, lakini zilikuwa zao.

Vivinjari navyo vilikuwa nyuma. Internet Explorer 6 ilitoka 2001 bila vichupo kabisa. Ukifungua kurasa kumi, unapata madirisha kumi yamejipanga pale chini yakisukumana kama watu wa stejini saa kumi na mbili jioni. Microsoft walileta vichupo kwa toleo la 7, mwaka wa 2006. Firefox ilikuwa navyo tangu toleo la 1.0, Novemba 2004, na hapo ndipo watu wengi walionja raha.

Lakini utamu wa Firefox haukuwa vichupo pekee. Dirisha lake lilijengwa kwa XUL, lugha inayofanana na ile ya kurasa za wavuti. Maana yake, kama unajua kupaka ukurasa rangi kwa CSS, unaweza kulipaka dirisha lenyewe. Unaandika faili linaitwa userChrome.css, unaliweka kwa folda yako, unafungua upya, na vichupo vimehama. Hakuna kuomba ruhusa ya mtu.

Septemba 2008 Chrome ikaingia na vichupo vimepanda hadi ukingoni kabisa mwa dirisha, juu ya upau wa anwani. Hoja yake haikuwa ya kijinga: anwani ni mali ya kichupo, kwa hivyo ikae chini yake. Tena ukingo wa skrini ni rahisi kulenga na kipanya, kwa sababu hata ukikisukuma kwa nguvu hakiwezi kupitiliza. Firefox 4 ikafuata mwezi wa Machi 2011, ila kwa heshima: ukitaka vichupo vibaki chini ya anwani kama zamani, kulikuwa na chaguo kwa menyu.

Aprili 2014, toleo la 29, chaguo likaondolewa. Vichupo vikapewa mabega ya mviringo, na ukitaka vya chini ilibidi utafute kiendelezi, kama kile kilichoitwa Classic Theme Restorer. Halafu Novemba 2017 ikaja Firefox 57. Viendelezi vya zamani vyote vikafa siku moja, na vile vipya haviruhusiwi kugusa mpangilio wa dirisha. Waliokuwa wamezoea vichupo vya pembeni kwa Tree Style Tab walijikuta navyo mara mbili: orodha pembeni, na safu ileile bado iko juu.

Wacha niwe fair. Viendelezi vya zamani vilikuwa na uwezo wa kuingia kila mahali, na kitu kama hicho ni hatari kwa usalama na kinafanya kivinjari kiwe kizito. Kila chaguo pia linataka mtu wa kulipima kila toleo. Hiyo naielewa. Kile sikubali ni dhana kwamba watu wachache si watu. Mtu aliyepanga dirisha lake kwa miaka kumi, mikono yake imezoea, halafu anaamka asubuhi anapata nyumba imepangwa upya akiwa amelala! Na si kivinjari tu: Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, ule uwezo wa kuhamisha upau wa chini uende pembeni haukuwepo tena.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba wale wachache walikuwa wameona mbele. Vivaldi ilitoa toleo lake la kwanza 2016 ikikuruhusu uweke vichupo juu, chini, kushoto au kulia. Microsoft Edge ikaleta vichupo vya wima 2021. Na Machi 2025, Firefox 136 ikavileta yenyewe, bila kiendelezi, bila CSS. Kitu kilichoonekana ni cha wasumbufu sasa kiko kwa mipangilio ya kawaida.

userChrome.css bado inafanya kazi, by the way. Tangu 2019 lazima kwanza uingie about:config uiruhusu, kwa hivyo haijifichi sana, inataka tu ujue jina lake. Mimi yangu ina mistari sita. Vichupo viko kushoto, juu hakuna kitu, na ile laptop ya mitumba sasa inanionyesha aya nzima.