Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi vyuo vikuu hushindana kuita wageni, na aghalabu idadi ya wageni huhesabiwa kuwa ndiko kupona kwenyewe. Historia ya pwani yetu yatufunza vingine.

Kuvuka bahari kwa ajili ya elimu si jambo geni kwetu. Sayyid Ahmad bin Sumeit alizaliwa Ngazija mwaka 1861, akafuata elimu Hadhramaut, Istanbul na Misri, kisha akawa kadhi Unguja, alikofariki mwaka 1925. Miongoni mwa waliosoma kwake ni Sheikh Al-Amin Mazrui wa Mombasa. Alichokichota ng'ambo alikimimina hapa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza vingine. Kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, nacho ni tawi la Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaunganishwa na Makerere na Nairobi. Mwaka 1970 kikajitegemea. Katikati ya miaka hiyo kilikwishahamia Mlimani.

Ukishika barabara ya Bagamoyo, mbele ya Mlimani utakuta kilima kingine, Wazo, ambako kiwanda kilianza kutoa saruji mwaka 1966. Mwaka huohuo Walter Rodney wa Guyana alifika chuoni kufundisha. Wazo palisagwa mawe ya palepale. Mlimani zikaanza kusagwa fikra za kuazima. Rodney alifundisha, naye akafundishwa na mijadala aliyoikuta. Kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa mwaka 1972, London na Dar es Salaam. Mji uliokuwa tawi ukawa mchapishaji.

Kadhalika lugha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ya chuo hichohicho, ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na wageni kutoka Ulaya, Marekani na Asia wakaja kukaa mkekani, sisi tukiwa walimu.

Mwaka 2023 Taasisi ya Teknolojia ya India, ile ya Madras, ilifungua tawi Zanzibar. Ni heri, na milango isifungwe. Ila tusiulize tu wangapi wameingia. Tuulize pia mgeni ataondoka na nini cha kwetu, na mwanetu atakuwa na neno gani la kuuambia ulimwengu. Mwenyeji asiye na la kumfunza mgeni hajapona. Amepangisha nyumba tu.