Maziwa, Chai na Vidonge katika Nchi ya Mbulu na Hanang

Kiswahili husema kwamba mgonjwa anakunywa dawa, hata kama dawa yenyewe ni kidonge kikavu. Usemi huu una ukweli mwingi, maana kidonge hakiingii mwilini peke yake: huingia pamoja na kinywaji, na kinywaji hicho kina nguvu zake. Basi atakaye kuielewa tarehe ya matibabu katika wilaya za Mbulu na Hanang na atazame kikombe pamoja na dawa.

Kikombe cha kwanza kilikuwa cha maziwa. Wadatoga, na hasa Wabarabaig waishio karibu na mlima Hanang, ni wafugaji tangu zamani, na maziwa yalikuwa nguzo ya chakula chao. Wairaqw nao, ambao hulima na kufuga pamoja, waliyathamini vivyo hivyo. Chai ilikuja baadaye. Kilimo chake cha biashara kilianza katika Tanganyika mwaka 1926, mbali na huku, na kidogo kidogo majani yakafika madukani pamoja na sukari. Kisha, tangu mwisho wa miaka ya 1960, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa katika nyanda za Basotu kwa msaada wa Kanada, yakachukua ekari 100,000 hivi za malisho bora. Malisho yakipungua, maziwa nayo hupungua; na nyumba iliyokosa maziwa ya kutosha haikosi kuteka chai.

Vidonge navyo vilikuwa na njia yao. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwe, ilifunguliwa mwaka 1955. Zama hizo zilikuwa za dawa mpya, mathalani jamii ya tetrasaiklini, ambayo ya kwanza yake ilitangazwa mwaka 1948. Dawa hii ina tabia moja: ikikutana tumboni na kalsiamu ya maziwa, hushikamana nayo, na utumbo hauwezi kuifyonza vema. Hivyo mfugaji aliyeteremsha kidonge kwa maziwa, chakula alichokiamini kuliko vyote, aliweza kuipoteza sehemu kubwa ya dawa pasipo kujua.

Lakini tusiharakishe kuyahukumu maziwa. Mwaka 2006 Tanzania iliichagua dawa mseto ya artemeta na lumefantrini kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali, na dawa hiyo hufyonzwa vizuri zaidi ikiandamana na mafuta. Hapa maziwa yenye mafuta yake ni msaada mkubwa. Kinywaji ni kile kile, mgonjwa ni yule yule. Iliyobadilika ni dawa.

Chai nayo ina mambo mawili. La kwanza ni tanini, ambayo huushika madini ya chuma na kuyazuia yasiingie katika damu. Watafiti wa Afrika Kusini walilieleza jambo hili mwaka 1975. La pili ni kafeini. Anayetumia siprofloksasini, ini lake huchelewa kuivunja kafeini, na vikombe vyake vya kila siku huweza kumletea mapigo ya moyo ya kasi na kukosa usingizi. Asiyeelezwa sababu hudhani dawa ni kali mno, akaiacha kabla ya kupona.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Katika Kiswahili cha nyumbani, chai si kinywaji tu. Ni jina la mlo wa asubuhi. Mama mjamzito akiambiwa anywe vidonge vya kuongeza damu baada ya chai, hana budi kufahamu kwamba avinywe pamoja na kile kikombe, naye ametii kwa uaminifu. Damu isipoongezeka, si haki kumwita mkaidi. Kosa limo katika neno.

Kwa hiyo maelekezo ya dawa ni kazi ya mwalimu wa lugha kama yalivyo kazi ya mganga. Haitoshi kuandika kutwa mara tatu. Yafaa kusema: vidonge vya chuma vinywe kwa maji, chai ingoje muda wa saa moja au mbili; hii usinywe na maziwa; na hii, kinyume chake, inywe na maziwa. Maneno hayo machache hayana gharama, na bila hayo dawa iliyosafiri toka mbali huweza kupotea katika hatua ya mwisho, baina ya kikombe na damu.