Kutoka Duara hadi Jukwaa: Mamlaka ya Hadhira katika Historia ya Tamasha la Thieta ya Hip Hop Jijini New York

Ikisiri

Historia ya hip hop aghalabu husimuliwa kama safari ya sanaa iliyozaliwa mtaani, ikanunuliwa, kisha ikafungiwa ukumbini. Makala hii inatumia historia ya Hip-Hop Theater Festival, tamasha lililoanzishwa jijini New York mwaka 2000, kuonyesha kwamba masimulizi hayo hayatoshelezi. Ikiongozwa na mtazamo wa Mulokozi kuhusu mambo yanayotawala tukio la fasihi simulizi, makala inadai kuwa badiliko la msingi halikuwa la mahali wala la kiingilio. Kilichobadilika ni mamlaka ya hadhira, yaani haki yake ya kuhukumu na kuingia katika utendaji. Makala inahitimisha kwa kuonyesha kuwa swali hilo linaihusu pia taaluma ya fasihi ya Kiswahili, hasa katika uchambuzi wa beni, ngonjera na rap.

1. Utangulizi

Mwaka 2000, mwigizaji na mwandishi wa tamthiliya Danny Hoch alianzisha jijini New York tamasha la sanaa za jukwaani zilizotokana na utamaduni wa hip hop. Maonyesho ya kwanza yalifanyika P.S. 122, ukumbi mdogo uliomo katika jengo lililokuwa shule ya umma, eneo la East Village. Katika kulikuza tamasha hilo, Hoch alishirikiana na Kamilah Forbes, mwongozaji aliyetokea Chuo Kikuu cha Howard jijini Washington, na Clyde Valentin, ambaye kabla ya hapo alijishughulisha na uchapishaji wa jarida la hip hop. Katika miaka iliyofuata tamasha lilipanuka hadi Washington, Chicago na eneo la San Francisco. Baadaye taasisi iliyoliendesha ilichukua jina la Hi-ARTS na kuweka makao yake East Harlem.

Tamasha hilo lilikusanya tamthiliya, dansi na ughani chini ya jina moja, na kwa kufanya hivyo lilizua mjadala ambao haujaisha: je, hip hop ikipandishwa jukwaani hubaki hip hop? Wanaojibu hapana hudai kwamba sanaa hii ni ya mtaani na kwamba tiketi na viti huiua. Wanaojibu ndiyo hudai kwamba kila sanaa hukua kwa kuhama. Pande zote mbili huchukulia kuwa badiliko lililotokea ni la mahali. Makala hii inalitilia shaka wazo hilo.

Mtazamo unaotumika hapa ni wa M. M. Mulokozi. Katika makala yake “Tanzu za Fasihi Simulizi”, iliyotoka katika Mulika namba 21 mwaka 1989, Mulokozi aliieleza fasihi simulizi kuwa tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani, tukio, mahali na wakati. Faida ya mtazamo huu ni kwamba unamzuia mchambuzi kukitazama kipengele kimoja peke yake. Mahali pakibadilika, swali linalofuata ni kama uhusiano wa fanani na hadhira nao umebadilika, na umebadilika vipi.

2. Chumba cha Sedgwick Avenue

Tarehe inayotajwa kuwa mwanzo wa hip hop ni 11 Agosti 1973. Siku hiyo Cindy Campbell aliandaa dansi katika chumba cha shughuli za wapangaji, kwenye jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, Bronx, ili apate fedha za kununulia nguo za shule. Kaka yake Clive, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyejulikana kwa jina la DJ Kool Herc, ndiye aliyepiga muziki. Tangazo lililoandikwa kwa mkono lilitaja kiingilio: senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana.

Mambo mawili yanajitokeza katika tukio hili. Kwanza, halikufanyika barabarani, bali ndani ya chumba. Pili, halikuwa la bure. Sherehe za nje, katika bustani na viwanja vya shule, zilikuwepo na zilikuwa na umuhimu wake, lakini chanzo chenyewe kilikuwa na mlango, na mlangoni palilipiwa. Kwa hiyo hoja kwamba thieta iliiharibu hip hop kwa kuitia ukutani na kuitoza kiingilio haina msingi wa kihistoria.

Upekee wa tukio hilo ulikuwa katika kazi iliyopewa hadhira. Herc aliona kwamba wachezaji walisubiri kile kipande cha wimbo ambamo sauti za waimbaji hunyamaza na ngoma hubaki peke yake. Kwa kutumia mashine mbili na nakala mbili za santuri ile ile, alikirudia kipande hicho ili wachezaji wapate muda mrefu zaidi. Fani ya DJ, kwa maneno mengine, ilizaliwa kutokana na fanani kuisoma hadhira yake. Wachezaji nao waliunda duara. Aliyesimama pembeni aliweza kuingia kati wakati wowote, na aliyecheza vibaya alitambua hukumu yake kabla hajatoka. Katika duara hilo mtazamaji alikuwa pia hakimu na fanani mtarajiwa.

3. Kuelekea jukwaani, 1981–1995

Mwezi Agosti 1981, kundi la Rock Steady Crew lilishindana na Dynamic Rockers katika maonyesho ya nje ya Lincoln Center. Kituo hicho kilijengwa katika eneo la San Juan Hill, mtaa wa Wamarekani Weusi na Wapuertoriko uliobomolewa ili kupisha ujenzi. Vijana wa jamii hizo hizo sasa walialikwa kucheza mahali ambapo watu kama wao walikuwa wamehamishwa. Ushindani wa makundi ulikuwa wa kweli, na kila kundi lilikuja na mashabiki wake. Hata hivyo, katika umati huo walikuwamo pia watazamaji waliokuja kuona jambo geni. Sehemu kubwa ya hadhira hiyo haikuwa na ujuzi wa kuhukumu, wala haikutarajiwa kuingia katika duara.

Sanaa ya grafiti ilipita njia inayofanana. Mwaka 1979 Lee Quiñones na Fab 5 Freddy walionyesha michoro yao katika jumba la sanaa jijini Rome, Italia. Wakati huo huo, mamlaka ya usafiri ya New York iliendelea na juhudi za kuifuta michoro kama hiyo kwenye treni zake, hadi mwezi Mei 1989 ilipotangaza kuwa treni ya mwisho yenye grafiti imeondolewa katika huduma. Treni ilikuwa imeupeleka mchoro mbele ya wachoraji wa mitaa mingine, ambao waliusifu au kuufunika kwa mchoro wao. Ukutani mwa jumba la sanaa, anayeujibu mchoro ni mnunuzi.

Wasanii wenyewe hawakukaa kimya. Wachezaji waliotoka katika Rock Steady Crew na makundi mengine walitunga maonyesho kamili ya jukwaani, na mwaka 1995 onyesho la Jam on the Groove liliwasilishwa katika kumbi za Off-Broadway. Huko Philadelphia, Rennie Harris alikuwa ameanzisha kundi lake la Puremovement mwaka 1992. Tamasha la mwaka 2000, basi, liliipa jina na makao sanaa iliyokwisha kuwapo.

4. Jina na masharti yake

Jina, hata hivyo, si jambo dogo. Utanzu usio na jina hauombewi fedha, hauhakikiwi, wala haufundishwi. Katika manifesto yake iliyomo kwenye kitabu cha Total Chaos (2006), kilichohaririwa na Jeff Chang, Hoch alieleza kwamba kazi haistahili kuitwa thieta ya hip hop kwa sababu tu mhusika wake anafoka au anavaa kofia kichwachini. Kwa mtazamo wake, sharti itungwe na kizazi cha hip hop, ikihusu kizazi hicho, na ikilenga kizazi hicho.

Masharti haya yana ukoo. Mwaka 1926, W. E. B. Du Bois aliandika katika jarida la The Crisis kwamba thieta ya Wamarekani Weusi inapaswa kuwahusu, kutungwa nao, kuwa kwa ajili yao na kuwa karibu nao. Kundi la Krigwa, lililofanya maonyesho yake Harlem, lilijaribu kuyatekeleza hayo. Tukiyalinganisha maelezo hayo mawili, tunaona kwamba sharti la nne la Du Bois, lile la ukaribu, halimo miongoni mwa matatu ya Hoch. Kukosekana kwake kuna sababu. Ukumbi wa East Village haukuwa Bronx, na tamasha lililotegemea ruzuku na tiketi halikuweza kuahidi kwamba atakayeketi kitini ni jirani wa aliye jukwaani. Sharti kwamba kazi iwe kwa ajili ya kizazi fulani lilibaki kuwa nia, halikuwa hakikisho.

5. Hadhira ndani ya kazi zenyewe

Ushahidi kwamba wasanii walilitambua tatizo hili umo katika kazi zao. Rhyme Deferred, tamthiliya ya Forbes na kundi lake la Hip Hop Theatre Junction, inakitumia kisa cha Kaini na Habili kusimulia habari za ndugu wawili wafokaji: mmoja amefanikiwa sokoni, mwingine anaheshimiwa na wajuzi wachache. Mgogoro wao ni mgogoro wa hadhira mbili. Je, mwenye haki ya kumtawaza msanii ni soko au ni duara?

Katika Flow ya Will Power (2003), iliyoongozwa na Hoch, mtendaji mmoja anawabeba wasimulizi saba wa mtaa mmoja, huku DJ akiwa naye jukwaani. Kazi hiyo inahusu urithishaji: hadithi hufa ikiwa hapana wa kuipokea. Hadhira ya ukumbini inajikuta imewekwa mahali pa mrithi. Haiwezi tena kuingia katikati, lakini inakabidhiwa wajibu wa kubeba ilichosikia. Miaka mitatu baadaye, katika The Seven iliyochezwa New York Theatre Workshop, Power aliichukua tanzia ya Aeschylus kuhusu vita vya Thebes na kumfanya DJ kuwa msimamizi wa simulizi, anayechanganya matini ya kale kama anavyochanganya santuri.

Rome & Jewels ya Harris (2000) inatumia njia nyingine. Kisa cha Romeo na Juliet kinageuzwa kuwa uhasama wa makundi mawili ya wachezaji, lakini Jewels mwenyewe haonekani kamwe jukwaani. Mtazamaji analazimika kumuumba kwa kutumia maneno na miili ya wengine. Katika kazi hizi zote, haki iliyopotea duarani inatafutiwa badala yake: wajibu wa kurithi, kazi ya kuwazia, au mwaliko wa kuhukumu kati ya ndugu wawili. Badala hizo zina nguvu, ila zote hutolewa na fanani. Katika duara, hadhira haikusubiri kupewa.

Tofauti hiyo ilionekana wazi zaidi mwaka 2015, Hamilton ya Lin-Manuel Miranda ilipoingia Broadway. Kazi hiyo haikutoka katika tamasha hili, lakini iliingia katika uwanja ambao tamasha lilikuwa limesaidia kuulima. Mwaka 2016, bei ya viti vyake bora ilipandishwa hadi dola 849. Tangu senti 25 za Cindy Campbell, kiingilio kilikuwepo. Lakini kwa senti 25 mtu alinunua nafasi ya kuingia katika duara, na kwa dola 849 alinunua nafasi ya kutazama.

6. Beni, ngonjera na swali lile lile

Wachambuzi wa fasihi ya Kiswahili hawako mbali na suala hili. Terence Ranger, katika utafiti wake wa mwaka 1975 kuhusu dansi na jamii Afrika Mashariki, alionyesha jinsi beni ilivyokua katika pwani kuanzia miaka ya 1890 kwa ushindani wa vyama, kama vile Kingi na Skochi wa Mombasa, na baadaye Marini na Arinoti wa Tanganyika. Ushindi wa chama haukuthibitishwa na matini. Ulithibitishwa na watu waliotoka nje kuona nani amevutia zaidi. Beni, kama duara la Bronx, ilikuwa sanaa yenye hakimu.

Ngonjera ilichukua mwelekeo tofauti. Mathias Mnyampala aliikuza kuwa majibizano ya kishairi ya jukwaani, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilitumika kueneza siasa ya Ujamaa. Katika ngonjera nyingi za aina hiyo, asiyejua hubishana na ajuaye, na mwishowe hukubali. Majibizano yapo, lakini mshindi ameamuliwa na mtunzi kabla wahusika hawajapanda jukwaani. Hadhira imealikwa kushuhudia hukumu, haikualikwa kuitoa. Kinachoonekana hapa ni kwamba hadhira inaweza kupoteza mamlaka yake hata pasipo soko wala tiketi. Ruzuku, serikali na nia njema ya kufundisha huweza kuleta matokeo yale yale.

Suala hili linagusa pia uchambuzi wa rap ya Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shindano la Yo! Rap Bonanza la Dar es Salaam liliwaweka wafokaji mbele ya umati. Uchambuzi unaoishia katika mashairi yaliyonakiliwa kutoka kwenye kaseti huweza kueleza vina, taswira na lugha ya mitaani, lakini haumwoni mtu wa tatu aliyekuwapo ukumbini, yule aliyeshangilia au kuzomea.

7. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba Hip-Hop Theater Festival haikuitoa hip hop mtaani na kuiingiza ndani. Ndani ilikwishakuwamo tangu mwaka 1973. Tamasha liliipa sanaa hiyo jina, fedha, kumbukumbu na waandishi wenye uwezo, na bila hayo kazi kadhaa zilizojadiliwa hapa huenda zisingehifadhiwa. Gharama yake ilikuwa kumhamisha hakimu kutoka katika duara hadi kitini. Kazi bora za tamasha hilo zinapata uzito wake kwa sababu zinaifahamu gharama hiyo na kuihangaikia.

Kwa taaluma ya fasihi simulizi, matokeo ya uchunguzi huu ni ya kimbinu. Mtafiti anayefuatilia sanaa iliyohamia jukwaani, redioni au mtandaoni hatoshelezwi na swali la kama hadhira ingalipo. Anapaswa kuuliza kama hadhira hiyo bado ina uwezo wa kumshinda fanani. Palipo na uwezo huo, utanzu unaendelea kuishi hata ukilipiwa mlangoni; ukiondoka, kinachobaki ni fani iliyohifadhiwa vizuri, ikisubiri mtu wa kuijibu.