Jina na Makao: Vitambulisho vya Kudumu katika Historia ya Taaluma ya Kiswahili

Mhakiki anapotaja kazi ya mwingine, humwahidi msomaji kwamba akiifuata ataipata. Makala haya yanadai kwamba kitambulisho cha kudumu cha kidijitali ni ahadi hiyohiyo ikiwa mikononi mwa maktaba, na kwamba maktaba isipoitunza hubaki tarakimu tupu.

Tatizo hili limeitangulia kompyuta. Jarida la Kiswahili la Dar es Salaam lilianza mwaka 1930 likiwa taarifa ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Baadaye likaitwa Swahili, na kuanzia 1970 likaitwa Kiswahili. Mwaka huohuo, katalogi ya J. W. T. Allen ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu ya Dar es Salaam ilichapishwa huko Leiden ikiwa na jina la chuo kikuu kishiriki, ilhali chuo chenyewe kilikuwa kikigeuka kuwa chuo kikuu kamili. Mtafiti asiyeijua historia hii huweza kudhani kwamba anashughulikia majarida matatu na maktaba mbili.

Intaneti iliuzidisha utata huo. Anwani ya wavuti hutaja mahali kazi ilipo. Seva ikibadilishwa, anwani hufa. Mwaka 1995, Robert Kahn na Robert Wilensky walipendekeza jina la kazi litengwe na makao yake: jina lidumu, na rejesta ionyeshe makao ya wakati huo. Mfumo wa Handle, uliojengwa juu ya wazo hilo, ulikuwa msingi wa DOI, ambayo wakfu wake uliundwa mwaka 1998. Crossref ilifuata mwaka 2000 kwa ajili ya machapisho ya kitaaluma, na DataCite mwaka 2009 kwa ajili ya data za utafiti.

Vyuo vikuu kadhaa vya Kenya vilihifadhi tasnifu kwa DSpace, programu iliyotolewa mwaka 2002. Hapa pana mtego. Programu hiyo huja na tarakimu za mfano, 123456789, zinazopaswa kuondolewa maktaba inaposajili na kulipia tarakimu zake yenyewe. Isipofanya hivyo, kila tasnifu hupata kitambulisho chenye sura ya kudumu ambacho rejesta ya kimataifa haikijui. Seva ikihamishwa, msomaji hupoteza njia ya kuifikia kazi ambayo pengine haikuchapishwa popote pengine.

Hata hivyo, usajili peke yake hautoshi. Ni sharti maktaba iisahihishe rejesta kila kazi inapohamishwa. Aidha, mkutubi humhitaji mhakiki. Al-Inkishafi, kwa mfano, umetufikia kupitia nakala zinazotofautiana. Kitambulisho kimoja kwa zote kingezifuta tofauti ambazo ndizo malighafi ya uhakiki. Vitambulisho vingi visivyohusianishwa navyo vingeusambaratisha utenzi. Inafaa kila nakala iwe na chake, na maelezo ya kikatalogi yaonyeshe udugu wao.

Kwa hiyo, idara za Kiswahili hazina budi kuliona suala hili kuwa lao. Tasnifu isiyopatikana haihakikiwi, na isiyohakikiwa huandikwa upya na mwanafunzi mwingine asiyejua kwamba ilikwisha kuandikwa.