Mullingar: Mji Uliotanguliwa na Maziwa

Mullingar, makao makuu ya kaunti ya Westmeath nchini Ireland, uko takriban kilomita 80 magharibi ya Dublin. Kusini mwake kuna ziwa Lough Ennell, kaskazini Lough Owel, na mbele zaidi Lough Derravaragh. Mgeni na aanzie kwenye maziwa hayo, maana wafalme waliishi visiwani humo kabla mji haujakuwapo.

Sababu ilikuwa ulinzi. Eneo hili halina milima ya kukimbilia, hivyo kisiwa kilikuwa ngome tayari. Mwaka 845, Máel Sechnaill, mfalme wa Meath, alimkamata Turgesius, kiongozi wa Waviking, akamzamisha Lough Owel. Alimnasaje? Gerald wa Wales, aliyeandika zaidi ya miaka 300 baadaye, anadai kwamba Turgesius alimtaka binti wa mfalme, naye akaletewa vijana 15 wasio na ndevu, wamevaa kike, visu vikiwa vimefichwa nguoni. Kisa ni kitamu, lakini kumbukumbu za watawa zinataja kukamatwa na kuzamishwa tu. Mimi nawaamini watawa: waliandika karibu na tukio, wala hawakuwa na haja ya kuchekesha.

Mji wenyewe ulikua chini ya Wanormani, kuanzia mwishoni mwa karne ya 12. Miaka ya 1540 serikali ya Uingereza iliona Meath ni kubwa mno na upande wake wa magharibi hautii. Ikaigawa, na Mullingar ukawa makao ya Westmeath.

Kisha maziwa yakapata kazi nyingine. Mfereji wa Royal Canal, ulioanza kuchimbwa Dublin mwaka 1790, ulifika Mullingar mwaka 1806. Hapo ndipo ilipo sehemu yake ya juu kabisa, na kila chombo kinachoshuka huondoka na maji mengi, ambayo lazima yarudishwe. Lough Owel iko juu zaidi ya mfereji, kwa hiyo maji yalitiririka yenyewe bila pampu.

Mwaka 1845 kampuni ya reli iliununua mfereji huo, hasa kwa ajili ya ardhi ya kando yake, na treni zikafika Mullingar mwaka 1848. Biashara ya mashua ilidhoofika, mfereji ukafungwa mwaka 1961, ukafunguliwa tena mwaka 2010. Ukipanda treni ya Dublin kwenda Sligo, usishuke Mullingar haraka: mbele kidogo reli inapita ukingoni kabisa mwa Lough Owel.