Bao Moja la Horoya

Kuna refa mmoja ambaye ami yangu hajamsamehe tangu kabla sijazaliwa. Kila akikaa barazani Kibokoni baada ya Isha, kikombe cha kahawa chungu mkononi, kisa huja chenyewe, hata kama watu walikuwa wakizungumza bei ya samaki. Fainali ya mtaa, uwanja wa mchanga, bila kwa bila, dakika zimekwisha, refa akapuliza penalti. "Mkono uligusa mpira, ama mpira uligusa mkono?" huuliza ami, na hapana anayethubutu kujibu.

Swali hilo nimelisikia pengine mara mia. Ni mwaka jana tu ndipo mzee mmoja, aliyekuwa winga wa timu ileile, alisema taratibu bila kuinua macho kutoka kwenye dumna zake: "Na wewe ulikosa goli tupu kipindi cha kwanza."

Baraza zima likanyamaza. Ami akainuka, akasema ana usingizi.

Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza mechi ya bao moja huamuliwa na nani. Najua jibu la haraka la mitandaoni: fungeni mabao mengi, refa hatawaweza. Ni jibu la watu wanaoshabikia timu tajiri. Mpira wa miguu ni mchezo wa mabao machache mno. Kwenye mpira wa vikapu timu hufunga pointi themanini, tisini, na filimbi moja mbovu humezwa humo. Kwenye soka mechi nzima inaweza kuwa na tukio moja tu la maana. Kumwambia aliye mnyonge afunge matatu ndipo asidhulumiwe ni sawa na kumwambia maskini aweke akiba.

Lakini goli tupu nalo lilikuwa tupu.

Mwanzo, mpira haukuwa na refa. Sheria za kwanza za chama cha soka cha Uingereza, za mwaka 1863, hazimtaji hata mara moja. Iliaminika kuwa waungwana wataelewana wenyewe kwa wenyewe. Hawakuelewana. Kila timu ikaanza kuja na mwamuzi wake, wawili hao wakishindwana wanamwendea mtu wa tatu aliyekaa nje ya mstari, na huyo wa tatu ndiye babake refa wetu wa leo. Mwaka 1891 aliingizwa ndani ya uwanja na kupewa kauli ya mwisho, wale wawili wakasukumwa pembeni na vibendera. Mwaka huohuo ndipo penalti ilipoingizwa katika sheria. Kwa hivyo hasira ya ami yangu ina tarehe ya kuzaliwa. Kabla ya 1891 angegombana na wachezaji wenzake, ama na timu ya pili. Baada ya hapo lawama ilipata mtu mmoja wa kuibeba, mwenye nguo za rangi tofauti ili aonekane vizuri.

Kiswahili kilimpa jina ambalo kwangu ni sahihi zaidi. Kuamua si kukata shauri pekee, ni kuwatenganisha wanaopigana pia. Mwamuzi ni yule anayejitia katikati, na huku kwetu kila mtu anajua kwamba ngumi ya kwanza humpata huyo.

Halafu kuna suala la nani alimtuma. Mpira wa Afrika Mashariki ulikulia chini ya ukoloni, na vikombe vilikuwa na wenyewe. Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda kabla ya Tanganyika na Zanzibar kujiunga miaka ya 1940, lilipewa jina la mtengenezaji sabuni wa Kiingereza. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, anaonyesha jinsi mabishano ya Unguja kuhusu nani auendeshe mpira yalivyokuwa siasa hasa, si michezo tu. Ukiwa kijana wa Ng'ambo na mwenye filimbi ni Mzungu ambaye asubuhi yake yuko ofisini akikutawala, ofsaidi si ofsaidi tu. Kumshuku refa ilikuwa njia ya kusema jambo ambalo mahali pengine lingekupeleka jela. Sithubutu kuwacheka wazee kwa hilo. Walirithi shaka iliyokuwa na sababu.

Baada ya uhuru shaka ile ilibadilisha anwani. Ligi ya taifa ilianza 1963. Nakuru All Stars wakachukua ya kwanza, Luo Union ya pili, na mwaka 1965 ikaja zamu ya Feisal ya Mombasa. Mabingwa wa Kenya, kutoka kisiwa hiki! Ukitaka kuwaona wazee wa Mji wa Kale wakirudi kuwa vijana, taja jina la Feisal tu. Tangu mwaka huo hakuna timu ya Mombasa iliyochukua ligi tena. Ukiuliza kwa nini, jibu la kwanza huwa lileile: marefa, yaani bara, yaani Nairobi. Mimi ni mtoto wa hapa na maumivu hayo nayajua, lakini nikihesabu nakwama. Ni zaidi ya miaka hamsini. Refa gani huyo anayepuliza miaka hamsini bila kuchoka?

Ndio maana napenda kuiangalia safari ya Bandari ya mwaka 2019, kwa kuwa ni ya juzijuzi na namba zake ziko wazi. Mwezi Juni, chini ya kocha Bernard Mwalala, Bandari iliifunga Kariobangi Sharks 3–1 kwenye fainali ya SportPesa Shield na kupata tikiti ya Kombe la Mashirikisho la CAF. Agosti ikakutana na Al-Ahly Shendi ya Sudan: 0–0 nyumbani, 1–1 ugenini, ikapita kwa bao la ugenini. Septemba ikaja Ben Guerdane ya Tunisia: 2–0 nyumbani, ikapigwa 2–1 kule kwao, ikapita kwa jumla ya 3–2. Ikabaki raundi moja tu kuingia makundi, dhidi ya Horoya ya Guinea. Kule Conakry Bandari ilifungwa 4–2. Marudiano ikashinda 2–1. Jumla 5–4, safari ikaishia hapo.

Zilikuwa mechi sita, na hakuna hata raundi moja iliyoamuliwa kwa zaidi ya bao moja. Sasa hapo wenye kumlaumu refa wana hoja nzito. Kipenga kimoja tu, upande wowote, na Bandari ingetoka mapema mbele ya Shendi au ingeingia makundi mbele ya Horoya. Ila hebu tega sikio barazani. Sijawahi kumsikia mtu akimtaja refa wa mechi za Shendi. Tulipita, basi refa alikuwa mzuri, ama hakuwepo kabisa. Refa huzaliwa siku tunayofungwa.

Hesabu ya Horoya ndiyo inayoniuma. Mabao mawili yaliyopatikana Conakry yalikuwa dhahabu, maana ushindi wa 2–0 kwenye marudiano ungefanya jumla iwe 4–4 na Bandari ingepita kwa mabao ya ugenini, sheria ileile iliyoibeba mbele ya Shendi. Mabao mawili yakapatikana kweli. Lililoharibu ni lile moja la Horoya. Unaweza kukaa mpaka alfajiri ukilitafutia baba: beki alikuwa wapi, kipa alisimama wapi, mbona manne yaliruhusiwa kuingia Conakry. Yote ni maswali ya haki.

Lakini nimeandika "nyumbani" mara kadhaa hapo juu, na nilikuwa nikidanganya kidogo. Nyumbani ilikuwa Kasarani, Nairobi, kilomita mia nne themanini hivi kutoka kivuko cha Likoni. Mbaraki, ambapo Bandari huchezea ligi, hapakufikia viwango vya mechi za CAF. Na Uwanja wa Manispaa, uliokuwa fahari ya mji, ulikuwa umefungwa ukisubiri kujengwa upya, na miaka kadhaa baadaye bado ulikuwa haujakamilika. Ni uwanja uleule ambao Desemba 2013 ulipokea robo fainali za CECAFA, Tanzania ikaitoa Uganda kwa penalti baada ya sare ya 2–2, Mrisho Ngassa akiwa amefunga yote mawili na Ivo Mapunda akiwa langoni. Siku ile mji ulikuwa na uwanja. Miaka sita baadaye mechi kubwa kabisa ya klabu ya Mombasa kwa muda mrefu ilichezwa mahali ambapo shabiki wa Majengo alihitaji tikiti ya treni na ruhusa ya bosi.

Nani wa kuhesabiwa kosa hilo? Si refa, wala si beki. Lilitendeka kabla ya kipenga cha kwanza, halina dakika, halina marudio ya video, na waliokuwa na dhamana hawakuvaa jezi. Sisemi kwamba uwanja uliojaa watu wa Mombasa ungezuia bao la Horoya. Nasema raundi tatu zilikwenda kwa tofauti ya bao moja au chini yake, na kwenye mizani nyembamba hivyo hata sauti ya watu ni uzito. Sisi tumezoea kumtafuta mkosaji miongoni mwa watu ishirini na watatu walio uwanjani, kwa sababu hao ndio tunaowaona.

Kuna mechi moja nyingine inayonifanya niogope kuchagua upande haraka. Tarehe 12 Januari 2022, mjini Limbe, Cameroon, Mali inaongoza Tunisia 1–0 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Refa Janny Sikazwe wa Zambia anamaliza mechi dakika ya 85. Anakumbushwa, mchezo unaendelea, kisha anamaliza tena zikiwa zimebaki sekunde kadhaa kufika dakika ya 90, bila hata kuongeza muda. Timu zilipoitwa kurudi baadaye, Tunisia walikataa. Matokeo yakabaki. Sikazwe alieleza kwamba joto lilimzidi mwilini, na sisi tunaoijua kaskazi ya Januari saa nane mchana hatuwezi kumcheka sana. Ukitaka kosa la refa, kubwa kuliko hilo utalipata wapi? Na bado, kwenye mechi hiyohiyo, kama robo saa kabla ya kipenga cha mwisho, Wahbi Khazri wa Tunisia alipewa penalti na kipa Ibrahim Mounkoro akaipangua. Mpira uliwekwa mita kumi na moja, refa amekwisha kufanya kazi yake sawasawa. Dunia nzima inamkumbuka Sikazwe. Mounkoro, maskini, ukimtaja watu wanauliza ni nani.

(Hapa nazungumzia kosa. Hila ni jambo jingine. Mwaka 2018 Mkenya mmoja aliyeteuliwa kuwa mwamuzi msaidizi wa Kombe la Dunia kule Urusi alijiondoa baada ya kurekodiwa kwa siri akipokea dola 600. Pesa ikishapita, mjadala wa nani alikosa goli hauna maana tena. Na kila bahasha ya aina hiyo huwapa maami wote wa dunia hii haki ya kushuku filimbi kumi zilizokuwa halali.)

Nami nimewahi kupuliza. Ilikuwa mechi ya watoto, Ramadhani, kabla ya magharibi, refa hakutokea na mtu akanirushia filimbi. Magoli hayakuwa na nyavu. Mpira ulipita karibu na mwamba, nikaona umeingia, nikaonyesha kati. Mtoto mmoja wa miaka kama kumi alinitazama tu. Hakulia, hakubisha. Baadaye nilikwenda kuangalia alama ya mpira kwenye vumbi, na alama ilikuwa nje. Timu yake ilifungwa kwa bao hilo. Pia ilikuwa imekosa nafasi nne za wazi, nilizihesabu usiku ule kitandani kama wakili anayejitetea, na hazikunisaidia kulala. Huenda hivi sasa yuko baraza fulani akisimulia, na mimi ndiye refa.

Juzi nilimkuta ami peke yake, nikapata ujasiri. Nilimwuliza kuhusu ile goli tupu. Nilidhani atakasirika. Aliweka kikombe chini, akanyoosha mguu wa kulia, akanionyesha kwa ncha ya kandambili.

"Krosi ilitoka kushoto," akasema. "Kipa kaanguka huku. Mimi niko hapa. Nikaweka mguu hivi, kama nilivyoweka mara elfu." Akanyamaza kidogo. "Palikuwa na kijiwe, mwanangu. Mpira uliruka."