Gitaa, betri na honi: mpiga gitaa wa Ukambani na sauti aliyoitafuta

Mwulize mpiga gitaa yeyote pesa zake zimekwenda wapi, atakuambia anatafuta sauti. Haridhiki. Akipata gitaa anataka jingine, akipata jingine amplifaya ndiyo mbaya, akibadilisha amplifaya anaanza kushuku spika. Huko Marekani na Uingereza historia ya watu hawa imejaza rafu nzima: Rickenbacker na gitaa la umeme mwanzoni mwa miaka ya 1930, Stratocaster ya Leo Fender mwaka 1954, Jim Marshall akiunda amplifaya dukani kwake London kuanzia 1962. Lakini vipi yule mpiga gitaa wa kijijini Kitui au Makueni, ambaye hakuwahi kuingia studio wala kulipwa? Naye alitafuta sauti maisha yake yote. Leo tuweke kodi kando kidogo, ndugu msomaji, tumzungumzie huyo.

Mfano nilio nao karibu ni mjomba wangu. Alizaliwa mwaka 1952 upande wa Mutomo, Kitui, akawa mwalimu wa shule ya msingi, na miaka mingi ya kazi aliimaliza Makueni, ambayo enzi hizo ilikuwa bado sehemu ya Machakos (wilaya ya Makueni iliundwa mwaka 1992). Sasa amestaafu. Hana rekodi hata moja, ila ana gitaa, na ana maoni.

Hoja yangu ni fupi na waandika programu wataielewa upesi. Sauti ya gitaa la umeme ni mnyororo: kidole, uzi, sumaku, amplifaya, spika, na chini ya vyote hivyo chanzo cha nguvu. Pato la mnyororo huamuliwa na kiungo kilicho dhaifu zaidi. Wazungu wanabishana juu ya mbao na sumaku kwa sababu umeme uko ukutani, wameshausahau. Ukambani kiungo kilichoamua mambo kilikuwa umeme wenyewe.

Debe na waya wa breki

Gitaa halikuingia Ukambani kwa umeme. Lilikuja kavu. Wakamba waliandikishwa kwa wingi katika jeshi la KAR, na baada ya Vita Kuu ya Pili walirudi na vitu vingi, gitaa likiwa kimojawapo. Wengine walilikuta Nairobi na Mombasa walikokwenda kutafuta kazi. Mwaka 1952, mwaka ule ule aliozaliwa mjomba, Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Kongo (leo ni Likasi), na mtindo wake wa kudonoa nyuzi kwa vidole ukasafiri kwa santuri mpaka kwetu. Vijana waliusikia wakautaka. Gitaa la dukani lilikuwa ndoto.

Kwa hiyo walitengeneza. Mwili ulikuwa debe la mafuta, shingo kipande cha mbao, mara nyingi mukau, mti wa nchi kavu ambao mchwa hawaupendi na ambao seremala wa Kitui anaujua kama mkono wake. Nyuzi zilitoka kwenye waya wa breki ya baiskeli. Waya ule ni nyaya nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Ukiufumua unapata nyuzi za chuma zenye unene wa karibu theluthi ya milimita moja, jirani kabisa na uzi mwembamba wa gitaa la dukani. Zinakata vidole, lakini zinaimba.

Kigumu kilikuwa freti, vile vyuma vya shingoni. Hapa ndipo hesabu inapoingia. Noti 12 za oktava zinagawana kwa uwiano ulio sawa, kwa hiyo kila freti inakata urefu uliobaki kwa kuugawa kwa 17.817. Kwa gitaa lenye nyuzi za milimita 648, freti ya kwanza iko milimita 36.4 kutoka juu, na ya 12 inaangukia nusu kamili, milimita 324. Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, alipendekeza mwaka 1581 kugawa kwa 18 ili kurahisisha. Ni karibu sana, lakini kosa dogo linajilimbikiza: ukifika freti ya 12 umekosea kwa zaidi ya milimita 2 na sikio linalalamika. Mjomba hakujua Galilei wala 17.817. Alichukua uzi wa kushonea, akaulaza juu ya shingo ya gitaa la misheni, akafunga fundo penye kila freti, akaenda nao nyumbani. Alinakili faili bila kujua algoriti iliyoizalisha, na nakala ikawa sahihi.

Sauti iliyomtia wazimu

Kisha ikaja benga. Ilizaliwa kwa Waluo upande wa Ziwa Viktoria, ikasambaa nchi nzima, na ilipofika Ukambani miaka ya 1970 ikapata tabia yake. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Onesmus Musyoki na Kalambya Boys: hawa ndio waliokuwa kwenye santuri za baa na redio za nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kalambya Sisters wakavuma na "Katelina". Kakai alitungia pia Kiswahili, ndiyo maana alisikika mbali na kwao, mpaka alipofariki mwaka 1987.

Sikiliza rekodi zile kwa makini. Gitaa moja linashika kodi za muziki chini, la pili linazunguka juu kabisa, noti fupi fupi za haraka, likijaza kila nafasi iliyoachwa wazi. Halikwaruzi. Ni sauti safi, nyembamba, inayong'aa kama mabati mapya. Hiyo ndiyo mjomba aliitaka.

Tatizo ni kwamba sauti ile ilirekodiwa Nairobi, studio yenye umeme wa volti 240. Yeye alikuwa kijijini na betri za redio.

Redio inageuzwa

Hatua ya kwanza ilikuwa kunasa sauti. Nyuzi za breki ni chuma, na chuma kikitikisika mbele ya sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba kinazalisha mkondo mdogo wa umeme. Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1831. Mjomba alitoa sumaku kwenye spika iliyokufa, akafumua waya wa shaba kutoka transfoma ya redio mbovu, akauzungusha kwa mkono, maelfu ya mizunguko, jioni baada ya jioni akisahihisha madaftari ya wanafunzi katikati.

Amplifaya ikawa redio ya transista. Ukiunganisha waya zako mbili mahali sauti inapoingia kwenye kitufe cha kuongeza, redio inakuwa amplifaya. Nguvu yake haifiki hata wati moja, inatosha sebule tu. Betri zikichoka zilianikwa juani kwenye bati, kama kila nyumba ya Kenya ilivyofanya. Joto huharakisha kemia iliyobaki ndani na kukupa nusu saa nyingine.

Miaka hiyo hiyo Kinshasa, Konono N°1 ya Mawangu Mingiedi, iliyoanzishwa 1966, ilifanya jambo la aina hiyo kwa likembe na sumaku za vipuri vya magari. Dunia iliwagundua mwaka 2004 kupitia albamu ya Congotronics na kustaajabu. Ukambani mafundi wa namna ile waliishia harusini na kwenye harambee za shule.

Wati nne na nusu

Harusi haichezeki kwa redio. Ikaja betri ya gari, iliyobebwa kwenye baiskeli hadi sokoni kuchajiwa. Tufanye hesabu kidogo. Betri ni volti 12. Amplifaya ya transista isiyo na ujanja wa ziada inaweza kuisukuma spika volti 6 juu na volti 6 chini, basi. Kwa spika ya ohmu 4 nguvu ya juu kabisa ni 6 × 6 ÷ 8, yaani wati 4.5, kabla ya hasara. Watu 200 wanacheza uwanjani na una wati 4.5.

Jibu lilikuwa honi, ile ya bati inayofungwa juu ya misikiti, makanisa na magari ya kampeni. Spika ya kawaida hutoa takriban desibeli 90 kwa wati moja ukisimama mita moja. Honi inafika 105 na kuendelea. Desibeli 15 ni kama kuzidisha nguvu mara 30. Ghafla wati 4.5 zinasikika ng'ambo ya mto mkavu.

Lakini honi ina bei yake. Chini ya hezi 300 hivi haisemi kitu. Uzi mnene wa gitaa ni hezi 82, wa besi ni 41. Besi yote inapotea, na kinachobaki ni lile gitaa la juu linalozunguka. Sisemi kwamba honi ndiyo iliyozaa mtindo wa Kikamba, maana mabendi ya Nairobi yalikuwa na spika kamili. Nasema kwamba kijijini, kwa betri na honi, ni gitaa la namna ile tu lililofika masikioni mwa wachezaji. Mpigaji aliyejua hilo alifunga penseli shingoni kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili apande juu zaidi. Na saa tisa za usiku, betri ikianza kushuka, sauti ilijikunja na kukwaruza kidogo. Mjomba anasema hapo ndipo ilipokuwa tamu kuliko zote.

Mwaka wa mahindi ya manjano

Mwaka 1982 aliuza mtamba akanunua gitaa la kiwandani na amplifaya ya mitumba. Mkewe hakuulizwa. Mtamba yule alikuwa akiba ya karo.

Mwaka 1984 mvua za masika hazikunyesha. Wazee wa Kitui na Makueni hawahitaji kuelezwa mwaka huo. Ni mwaka wa mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Amplifaya iliuzwa, gitaa likafuata, vikawa magunia ya mahindi. Honi ilibaki kwa sababu hakuna aliyeitaka.

Kesi hiyo haijaisha mpaka leo. Mkewe anasema mtamba angekuwa ameshazaa. Mjomba anajibu kwamba ng'ombe wa majirani walikufa wote, na amplifaya hainywi maji. Mkewe anamaliza kwa kusema watoto wawili walikaa nyumbani muhula mzima, na hapo mjomba hana jibu. Mtu anayesimulia historia ya vifaa vya muziki bila kutaja nani alilipia hajasimulia nusu yake.

Umeme unafika na mgurumo wake

Mwaka 1988 bwawa la Kiambere lilianza kuzalisha umeme katika Mto Tana, mpakani mwa Kitui. Nyaya zikapita kuelekea mijini, vijiji vikabaki gizani. Miaka ya 1990 paneli ndogo za sola zilimwondolea safari ya baiskeli. Umeme wa gridi ulimfikia baada ya mradi wa Last Mile wa mwaka 2015, ada ya kuunganishwa iliposhuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000.

Hatimaye alikuwa na umeme ule ule wa studio! Binamu zangu wakamletea amplifaya ya kisasa. Akachomeka gitaa lake la mkono, na kabla hajagusa uzi likatoka: mmmmm. Mgurumo wa hezi 50. Kwa miaka 40 na zaidi hakuwahi kuusikia, kwa sababu mkondo wa betri hautikisiki. Koili moja ya shaba ni antena, na sasa nyumba nzima ilikuwa na nyaya za kuimbiwa.

Dawa inajulikana. Seth Lover wa Gibson aliibuni mwaka 1955: koili mbili zilizopingana, sumaku zake nazo zimepinduliwa, mgurumo unajifuta na sauti ya uzi inajumlishwa. Nilimchorea kwenye karatasi. Wiki tatu baadaye koili ya pili ilikuwa imezungushwa, akiwa na miaka 60 na kitu. Mgurumo ukaisha. Akapiga, ikatoka sauti safi ya santuri aliyoitafuta tangu ujana. Akasikiliza, akasema ni nzuri, kisha akaenda stoo kutoa honi.

Kuhifadhi

Honi hiyo imeliwa na kutu, haitadumu. Mwaka jana niliirekodi kwa njia ambayo programu za gitaa zinaitumia: unapiga mlio unaopanda kutoka hezi za chini hadi za juu, unarekodi kinachotoka, kisha kompyuta inakokotoa tabia ya spika. Matokeo ni faili ya nusu sekunde, kilobaiti 72. Sasa gitaa lolote likipitishwa humo linatoka kwenye honi ya Mutomo.

Nilimpa mjomba vipokea sauti asikilize. Akapiga dakika mbili tatu, akatikisa kichwa. "Spika umeiweka," alisema. "Betri iko wapi?"

Ana haki. Faili ya namna ile hubeba vitu vya mstari ulionyooka tu. Betri inayoshuka saa tisa za usiku si mstari ulionyooka, hubadilika kila unapopiga kwa nguvu. Inahitaji modeli nyingine kabisa, nami nimeanza kuiandika kwa kupima betri yake halisi ikichoka. Mwaka 2008 Ketebul Music ya Nairobi ilitoa "Retracing the Benga Rhythm" na kuwahifadhi mastaa wa benga. Wapigaji wa harusi ni kazi yetu sisi wapwa na wajukuu. Kama kwenu kuna mzee mwenye gitaa la debe au honi stoo, chukua simu yako ukarekodi, na umwulize pia bibi kilichouzwa kuinunua.